Naomba ushauri: kihisi cha chumvi kwenye mikoko ya pwani kame

Ndugu wanachama, salamu kwenu nyote.

Ninafuatilia hali ya hewa na ya maji katika msitu wa mikoko, karibu yote ikiwa michu (aina mojawapo ya mikoko), kwenye pwani kame isiyo na mto, ambako jua huyakausha maji yaliyotuama hadi chumvi yake ikazidi ile ya bahari ya kawaida, takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Vipimo vya hewa havinisumbui. Kinachonikosesha usingizi ni kihisi cha upitishaji umeme, kinachokadiria chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, nilichokizamisha kwenye mkondo wa maji: wakati wa bamvu, yaani maji makubwa, hulingana na refraktomita ya mkononi (kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga), lakini wakati wa maji mafu, yaani maji madogo, usomaji wake hushuka siku hadi siku, ingawa uvukizi ulipaswa kuupandisha.

Nimeondoa mwani na tope, nimekisahihisha upya kwa maji ya gramu 35, na nimehakikisha hakibaki hewani maji yakipwa. Bado tofauti hurudi baada ya wiki moja hivi.

Je, nitatofautishaje uchafu unaoota juu ya kihisi na maji yasiyo na chumvi yanayochuruzika kutoka chini ya ardhi? Na je, kukisahihisha kwa kiwango hicho kimoja kunatosha pale chumvi inapopanda zaidi?