Tupeane uzoefu: Nani aliwahi kusambaza diski za Linux shuleni, ofisini au mtaani kwake, na mfumo ulidumu?

Mwanzisha mada (Tanga)

Wanajukwaa, salaam.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na tangu hapo walimu na wenye vibanda vya uchapaji hapa Tanga wamekuwa wakiniuliza wafanye nini na kompyuta ambazo Windows 11 inazikataa ilhali bado zinafanya kazi vizuri. Swali hili tuliwahi kulijibu. Kabla ya hapo, na hata kabla Windows XP haijafikia ukomo wake Aprili 2014, wengi wetu tulikuwa tukipeana diski za mfumo huria kutoka mkono hadi mkono, na uzoefu huo umebaki vichwani mwa watu bila kuandikwa popote.

Kwa vijana ambao hawakuiona enzi hiyo: Linux ni mfumo huria wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na Ubuntu, mojawapo ya matoleo yake, ilitoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, na kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa na mpango ulioitwa ShipIt, ambapo mtu alijaza fomu mtandaoni na kuletewa CD kwa posta bila kulipia diski wala usafirishaji. Mpango huo ulifungwa Aprili 2011. Ili kuelewa uzito wake, kumbukeni kwamba kebo ya SEACOM ilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 tu. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, na kwa muunganisho wa kilobiti 64 kwa sekunde, faili la CD moja lenye MB 700 lilihitaji zaidi ya saa 24 mfululizo bila mtandao kukatika hata mara moja. Hakuna aliyeweza kulipia saa hizo katika mgahawa wa intaneti.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tujadiliane kwa uwazi: kwa niliyoyaona, diski iliyotolewa bila mtu wa kuikalia karibu haikudumu. Elezeni mliipata wapi, mlimpa nani, na hasa nini kilitokea baada ya miezi kupita.

Mwalimu (Kilimanjaro)

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari zenu.

Nilikuwa nafundisha katika shule ya sekondari ya kata iliyopata kompyuta kuukuu za msaada, zote zikiwa na nakala za Windows XP ambazo hakuna aliyejua zilitoka wapi, na zote zikiwa na virusi. Bahasha ya ShipIt ilikuja kupitia sanduku la posta la shule, ikiwa na CD kadhaa zenye jalada la karatasi ngumu na vibandiko vya nembo ambavyo wanafunzi waligombania kuliko diski zenyewe.

Mkuu wa shule hakutaka kusikia habari ya kufuta chochote, na alikuwa na haki, kwa sababu mitihani ya muhula ilikuwa ndani ya mashine ya karani. Kilichomshawishi ni kwamba CD ile iliweza kuendesha mfumo mzima yenyewe bila kugusa diski ngumu. Nilimwomba akae mbele ya mashine ya karani, nikaingiza CD, nikawasha, tukasubiri kwa muda mrefu huku kisomaji kikinguruma, kisha nikafungua mtihani mmoja wa Kiswahili kutoka kwenye diski ngumu mbele ya macho yake. Nilipoitoa CD na kuwasha upya, XP yake ilikuwa palepale kama alivyoiacha. Akaruhusu tuanze na mashine za wanafunzi.

Ugumu ulikuwa kwenye kumbukumbu. Mashine zetu nyingi zilikuwa na RAM ya MB 128, na kwa kiasi hicho CD ya kawaida ilikwama kabla hata menyu haijakaa sawa. Ilibidi tutafute diski ile nyingine, iliyosakinisha kwa maandishi matupu bila picha, ambayo ShipIt haikuwa ikiituma. Tuliipata kwa rafiki aliyesoma chuo kikuu Dar es Salaam.

Sasa nijibu swali la mtoa mada. Mfumo ulidumu pale kwa sababu ya daftari. Kila mashine ilikuwa na ukurasa wake, na wanafunzi wa kidato cha tatu waliokabidhiwa chumba waliandika humo kila kilichobadilishwa, nani alibadilisha, na nywila ya msimamizi ilibadilishwa lini. Nilipohamishwa kituo, daftari lilibaki, na mwalimu aliyenipokea, ambaye hakuwa amewahi kuiona Linux, alianzia hapo.

Mwenye saiba (Mombasa)

Ndugu zangu, mwalimu amegusa shule, mimi niguse biashara, kwa sababu huku Pwani diski nyingi zilisambaa kupitia saiba.

Mimi nilichoma CD na kumtoza mteja bei ya diski tupu na muda wa mashine, basi. Watu hawakuamini. Waliozoea kununua diski za programu za wizi mitaani waliona kwamba kitu cha bei ndogo hivyo lazima kiwe cha wizi zaidi. Siku moja mwalimu wa madrasa aliniuliza waziwazi kama kunakili kitu kile ni halali, kwa kuwa hakutaka kuwafundisha watoto kwa mali ya kuibwa. Niliketi naye nikamfungulia leseni ya GPL, ile inayoambatana na Linux, toleo la pili la mwaka 1991, nikamweleza sharti baada ya sharti: una ruhusa ya kutumia, kunakili, kumpa mwenzako, kubadilisha, na hata kutoza malipo kwa kazi ya kunakili, mradi usimzuie unayempa asipate ruhusa zilezile ulizopewa wewe, pamoja na njia ya kupata msimbo wake. Aliuliza mara mbili kuhusu lile la kutoza malipo. Aliporidhika alichukua nakala kwa ajili ya madrasa, na baadaye alinitumia watu wengi kuliko tangazo lolote nililowahi kubandika mlangoni. Ninaamini kwa dhati kwamba jambo hili halikuelezwa vya kutosha: wenzetu wengi wangeacha programu za wizi kwa hiari yao kama wangejua kuna kilicho halali na kizuri.

Kuhusu uchomaji wenyewe, haya ndiyo yaliyotusaidia. Kwanza, kabla ya kuchoma tulilinganisha alama ya uhakiki ya faili iitwayo MD5, zile herufi na tarakimu 32, na ile iliyotangazwa na watengenezaji; ikitofautiana hata kwa herufi moja, faili lilitupwa. Pili, tulichoma kwa kasi ndogo, kwa sababu visomaji vya kompyuta kuukuu vilishindwa kusoma diski zilizochomwa kwa pupa, na mteja wa kijijini akirudi na diski iliyokwama katikati ya usakinishaji hakulaumu kisomaji chake, alilaumu mfumo. Tatu, toleo na tarehe viliandikwa kwa kalamu ya wino juu ya diski yenyewe, bila kubandika karatasi, kwani karatasi ikilegea ndani ya kisomaji ni hasara nyingine.

Niongeze kwamba waliochoma wenyewe nyumbani mara nyingi waliliweka faili la ISO, yaani lile lenye diski nzima ndani yake, kwenye CD kama wanavyoweka wimbo, kisha wakashangaa kompyuta haiwaki nayo. Ukiifungua diski na kuona faili moja tu kubwa, umeshajua tatizo.

Fundi kompyuta (Mbeya)

Mimi ni fundi, na kwangu diski ile ilikuwa kwanza chombo cha uokoaji. Mnakumbuka virusi vya flashi vilivyoficha mafolda na kuweka njia za mkato mahali pake? Wanachuo walikuja wakilia kwamba tasnifu imepotea. Nilikuwa nawasha mashine kwa CD, naichomeka flashi, na mafolda yote yanaonekana yamekaa kwa utulivu, kwa sababu virusi vile havikuwa na uwezo wowote ndani ya Linux. Nakili kazi mahali salama, fomati flashi, mrudishie mwenyewe.

Dada mmoja aliyeokolewa tasnifu yake namna hiyo alitaka kujua nimetumia nini, akaondoka na nakala ya diski, na akawa mlezi wa mashine za bweni lao zima. Lakini nisiwadanganye: wengi walishukuru, wakachukua diski, na wakaendelea na Windows yao. Sioni kama hiyo ilikuwa hasara. Mtu aliyejua kuokoa mafaili yake mwenyewe hakuja tena kwangu akiwa amekata tamaa.

Mtumishi wa umma (Dodoma)

Naunga mkono hoja ya mtoa mada, kwa uchungu kidogo. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi, ambayo sitaitaja, ilifanyika semina ya siku moja, kila mshiriki akapewa diski na cheti, na mashine za ofisi zikasakinishwa mchana huohuo. Wiki iliyofuata skana haikufanya kazi, printa ya masijala ilitoa kurasa tupu, na hapakuwa na namba ya mtu wa kupigia. Mashine zote zilirudishwa zilikotoka. Ripoti, naamini, ilihesabu diski zilizogawiwa. Hakuna aliyerudi kuhesabu mashine zilizobaki na mfumo.

Mwenye ghala (Dar es Salaam)

Mtumishi amesema kweli, na sababu ya kiufundi nyuma yake naijua vizuri, kwa hiyo naomba niiandike kwa kirefu.

CD ya MB 700 isingeweza kubeba kila kitu. Kodeki za MP3, yaani programu za kuchezea muziki, kwa mfano, hazikuwamo kwa sababu za hataza na leseni, na ulitakiwa kuzipakua. Vivyo hivyo vifurushi vya lugha nyingi na viendeshi vya baadhi ya kadi za Wi-Fi. Kali kuliko zote ilikuwa modemu za USB za 3G: ukiichomeka, modemu ilijitambulisha kwanza kama CD yenye programu ya Windows, na ili igeuke kuwa modemu ulihitaji kifurushi cha programu kiitwacho usb-modeswitch, ambacho ungekipata mtandaoni, yaani kwa kutumia modemu ileile. Mtu wa Dar mwenye mtandao ofisini hakuliona tatizo hili kabisa. Mtu wa Nachingwea aligota hapo.

Suluhisho letu lilikuwa kubeba ghala la vifurushi hivyo vya programu pamoja na diski. Enzi hizo kila kifurushi ulichopakua kwenye Ubuntu au Debian, toleo jingine la Linux, kilibaki katika folda ya /var/cache/apt/archives mpaka ukisafishe. Kwa hiyo mashine moja iliyounganishwa vizuri iliweza kuwakusanyia wengine. Kulikuwa na programu iitwayo APTonCD iliyochukua vifurushi hivyo na kuvipanga ndani ya diski ambayo mashine isiyo na mtandao iliitambua kama chanzo halali. Kwa Debian ilikuwa rahisi zaidi, kwani ghala lake lote lilitolewa rasmi kwa seti ya DVD, na amri moja ya apt-cdrom add ilitosha kuitambulisha kila diski. Kikundi chetu kikisafiri mkoani kilibeba seti hiyo, pamoja na Jambo OpenOffice, ile programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili iliyotokana na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Karani aliyekuwa anaogopa kompyuta akiona menyu kwa Kiswahili alikaa mwenyewe kwenye kiti bila kubembelezwa; hilo nimelishuhudia, na bado linanifurahisha.

Kijana wa chuo (Morogoro)

Wakubwa, nimejifunza mengi. Naomba kuuliza: kwa leo, bado kuna maana ya kuchoma diski, au tutumie flashi tu? Kompyuta yangu haina hata kisomaji.

Mwanzisha mada (Tanga)

Mdogo wangu, CD imekwisha kazi: Ubuntu ilivuka MB 700 tangu toleo la 12.10, na toleo la 24.04 lina zaidi ya GB 5, kwa hiyo haliingii hata kwenye DVD ya kawaida ya GB 4.7. Linux Mint, toleo jingine la Linux, bado inaingia. Flashi ya GB 8 inatosha kwa yoyote kati ya hizo mbili, ila tahadhari ni moja: flashi inafutika. Ukimwazima mtu flashi ya usakinishaji, uwezekano ni mkubwa kwamba itarudi imejaa taarabu na picha za harusi, kwa hiyo baki na faili la ISO na alama yake ya uhakiki kwenye mashine yako. Siku hizi alama hiyo ni SHA256. MD5 haitegemewi tena dhidi ya mtu mwenye nia mbaya.

Pia kagua kama mashine ni ya biti 32, yaani yenye prosesa ya kizamani. Ubuntu iliacha kutoa diski za kompyuta za mezani za aina hiyo kuanzia toleo la 17.10, na Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake, hivyo mashine hizo zitahitaji Debian 12. Kompyuta nyingi zilizokataliwa na Windows 11 ni za biti 64, na hazina tatizo hilo.

Kwa walioniandikia pembeni kutoka Tanga, Muheza na Pangani: nitakuwa na ghala la vifurushi kwenye diski ya nje, kama alivyoshauri mwenzetu wa Dar. Kabla ya kuleta mashine, tumeni hapa aina yake, kiasi cha RAM, na jina kamili la printa na skana mnazotumia, ili tuzijaribu kwa flashi kabla ya kufuta chochote. Na kila ofisi ije na mtu mmoja atakayebaki na daftari.