Senti za Lincoln, nikeli za nyati au senti kumi za Mercury: nianze na zipi?

Mgeni_Ohio
Wakuu, niko Columbus, nataka kuanza kukusanya sarafu ndogo za zamani za hapa Marekani. Bajeti yangu ni dola 50 kwa mwezi. Nimezitazama senti za Lincoln zenye masuke ya ngano nyuma (1909–1958), nikeli (senti tano) za nyati (1913–1938) na senti kumi za Mercury (1916–1945). Zipi zinamfaa anayeanza?

BabuShaba
Lincoln, bila kusita. Nunua jalada lenye matundu ya sarafu, ujaze mdogo mdogo. Miaka mingi utaipata kwa hela ya chai. Ngumu ni chache, hasa 1909-S VDB: kiwanda cha San Francisco (ndiyo S) kilitoa 484,000 tu, na hata iliyochakaa ni mamia ya dola. VDB ni herufi za mchongaji, Victor David Brenner. Watu walilalamika kwamba zimejionyesha mno, zikaondolewa mwaka huohuo, zikarudi 1918 zikiwa ndogo kabisa, chini ya bega la Lincoln.

Hilo bega litakuokoa. Matapeli huchukua 1944-D (D ni kiwanda cha Denver), wakakwangua 4 ya kwanza iwe 1, wakuuzie kama 1914-D. Chukua lenzi: ukiona VDB begani, umeletewa ya 1944. Pia pengo kati ya 9 na 1 huwa pana kupita kiasi.

Zuhura_MN
Babu, wewe na senti zako! Kwa uzuri nikeli ya nyati haina mpinzani. Ila mgeni ajue: mwaka umewekwa mahali palipoinuka, kwa hiyo ndio unaolika kwanza. Utakutana na makopo ya nikeli zisizo na mwaka. Kuna watu hupaka asidi mwaka ujitokeze. Unajitokeza kweli, lakini thamani ya kisarafu imekwenda na maji.

Fundi_Fedha
Mbona hakuna anayeitetea Mercury? Ni fedha asilimia 90, hivyo hata ile ya kawaida kabisa haishuki chini ya bei ya madini yake. Ngumu hasa ni 1916-D, 264,000 tu kutoka Denver. Usiinunue bila cheti cha PCGS au NGC, kampuni zinazothibitisha sarafu, maana herufi D hubandikwa kwenye sarafu ya Philadelphia. Tundu hilo liache wazi, wala si aibu.

Mgeni_Ohio
Asanteni. Nadhani naenda na Lincoln. Kuna muuzaji kanipa mbili za 1943, moja ya kijivu na moja ya shaba. Anasema zote adimu.

BabuShaba
Ya kijivu si adimu. Shaba ilihitajika vitani, wakatumia chuma kilichopakwa zinki, zikatoka zaidi ya bilioni moja. Ya shaba halisi ndiyo adimu mno. Iweke karibu na sumaku kwanza. Isiponasa, tazama 3 isije ikawa 8 ya 1948 iliyokatwa. Na usiisafishe kwa chochote!

Mgeni_Ohio
Imenasa paa!

Zuhura_MN
Chuma kilichopakwa shaba hicho. Mrudishie.

BabuShaba
Ya kijivu baki nayo kama hajakutoza zaidi ya dola moja. Tundu la 1943 limeshajaa.