UKOO WA MARANGU: safari ya Mama

*Jumapili*

[14:02] Dada Felista: Tumsifu Yesu Kristu. Nimeandika tangu Alhamisi hakuna aliyejibu. Narudia. Neema anatarajia kujifungua katikati ya Februari. Mama inabidi awe ameshafika Innsbruck, Austria, kabla ya hapo. Miadi ya viza imepatikana, ni Jumanne ya wiki ijayo. Leo lazima tujue nani anatoa nini.

[14:03] Dada Felista: Kila mtoto wa Baba laki tatu. Mwisho Ijumaa. Namba ni yangu ileile.

[14:41] Dada Felista: Naona tiki za buluu kumi na moja.

[14:58] Baraka: Milele amina. Mimi niko kanisani dada

[14:59] Dada Felista: Misa imeisha saa sita Baraka.

[15:00] Baraka: Tuko kwenye mnada wa mavuno. Nimeshikwa na kuku wa elfu hamsini hapa, niombeeni 😂

[15:01] Mama Glori: 😂😂😂 huyo kuku ana shahada?

[15:04] Baraka: Ametoka kwa Paroko shemeji, anajua Kilatini

[15:06] Dada Felista: Jamani. Viza.

[15:22] Neema wa Deo: Shikamooni wote. Wifi pole kwa kutufuatilia. Samahani nimechelewa, Tuma alikuwa nje na wenzake, nimemvua nguo za theluji robo saa nzima. Sisi kwa upande wetu tumefanya hivi: Deo alikwenda polisi akasaini fomu ya dhamana kwamba Mama atafikia kwetu na gharama zake ni juu yetu. Ndiko inakosainiwa huku, msishtuke kusikia polisi.

[15:25] Deo: Shikamoo dada. Niongezee. Viza yenyewe ni siku 90. Ada euro 90. Bima ya safari lazima iwe ya kuanzia euro 30,000, hiyo nalipa mimi. Kilichobaki ni tiketi.

[15:26] Dada Felista: Marahaba. Tiketi inakaribia milioni tatu. Ndiyo maana nasema laki tatu tatu, na wewe Deo umalizie.

[15:31] Pendo Moshi: Swali. Mama ana presha. Huko kuna baridi gani mwezi wa pili?

[15:40] Deo: Usiku chini ya sifuri. Ila nyumba zina joto, ndani Tuma anatembea na fulana. Na mjue mji wenyewe hauko juu kama mnavyofikiria. Innsbruck iko mita 574 tu kutoka usawa wa bahari. Marangu iko juu kuliko sisi. Milima ndiyo imetuzunguka kama kuta, kule kaskazini kuna kilele cha mita 2,334, gari la kamba linakufikisha karibu na kileleni, ukipanda unaona paa la nyumba yako.

[15:42] Baraka: Kumbe mtoto wa Marangu amekwenda Ulaya kukaa bondeni!!

[15:43] Baraka: Mwambieni Mama anakwenda Himo ya Wazungu, kule chini tambarare

[15:44] Mama Glori: Baraka 🙆🏾‍♀️ usitaje Himo humu

[15:45] Baraka: Nimefuta. Nimefuta.

[15:45] Dada Felista: Hujafuta.

[15:52] Pendo Moshi: Mimi nauliza presha kwa maana. Nimesikia kuna upepo huko unaoumiza watu vichwa.

[16:10] Neema wa Deo: Ni kweli dada Pendo. Wanauita Föhn. Unavuka milima kutoka kusini unashuka kwetu ukiwa mkavu na wa joto. Leo umelala na theluji dirishani, kesho asubuhi imeyeyuka yote, watu wanatembea wameshika vichwa. Kazini wazee wanautambua kabla haujafika. Mimi mwaka wa kwanza nilidhani nina malaria. Mama akija nitakuwa nampima presha kila asubuhi, kipimo tunacho.

[16:12] Dada Felista: Sawa. Pendo umejibiwa. Pendo laki tatu?

[16:50] Dada Felista: Pendo?

[17:15] Mama Glori: Neema mdogo wangu, kwani huko hakuna msichana wa kazi hata wa kutwa? Nauliza tu nisieleweke vibaya. Mama ana miaka 67.

[17:58] Neema wa Deo: Shemeji sijakuelewa vibaya. Nimekaa nikafikiria namna ya kukujibu.

[18:09] Neema wa Deo: Siyo kazi ninayotafutia mtu. Kazi Deo anafanya, anapika, anafua. Huduma zipo pia. Kuanzia katikati ya Desemba sheria hainiruhusu kuingia kazini, wiki 8 kabla na wiki 8 baada ya kujifungua, na nalipwa. Mkunga atakuja nyumbani kumwangalia mtoto. Kliniki nina kijitabu changu, sijakosa hata mara moja. Kwa hayo namshukuru Mungu.

[18:14] Neema wa Deo: Lakini mnakumbuka Tuma alipozaliwa hapo nyumbani? Miezi mitatu sikushika sufuria. Mama ananiletea kitawa asubuhi, mtori mchana, jioni ananikanda na maji ya moto. Mlango hauna kufuli, huyu anaingia na sukari, yule na sabuni, mwingine hana kitu ila anakaa tu kitandani kwangu anasimulia habari za sokoni. Huku saa kumi na moja jioni ni giza. Deo anatoka maabara saa moja. Jumapili kama leo maduka yote yamefungwa, mji kimya, nasikia kengele za kanisa na mto tu. Kuna bibi mmoja ghorofa ya chini, mtu mwema sana, ndiye aliyetufundisha kutenga takataka na akampa Tuma kile kigari cha kuteleza kwenye theluji. Lakini hata yeye hawezi kuja bila kupanga siku. Na mimi Kijerumani changu kinaniishia kwenye salamu na dukani. Nataka mtu wa kukaa naye mama zangu. Nataka mtoto asikie lugha yetu wiki zake za kwanza.

[18:15] Neema wa Deo: Samahani kwa urefu.

[18:20] Mama Glori: Usiombe samahani. Nimekusikia.

[18:22] Dada Felista: Ndiyo maana nawasukuma. Mnaona sasa.

[18:31] Baraka: Mimi natoa laki mbili Ijumaa, laki moja mwisho wa mwezi. Kuku nimemwachia mwingine.

[18:32] Dada Felista: Mungu akubariki. Wa kwanza.

[18:40] Pendo Moshi: 🙏🏾

[18:41] Dada Felista: Pendo hiyo mikono ni laki ngapi?

[19:05] Deo: *Picha* Tuma na taa yake ya karatasi. Hii ni tarehe 11, sikukuu ya Mtakatifu Martino, watoto wa chekechea wote wanazunguka na taa gizani wanaimba.

[19:06] Mama Glori: Jamani mtoto huyo!! Amekuwa Bibi mtupu

[19:07] Pendo Moshi: Meno ya mbele yapo wapi

[19:09] Deo: Anasema moja limekwenda Marangu kumsubiri Bibi

[19:10] Baraka: Na wale wenye pembe wamekuja?

[19:13] Deo: Bado. Ni usiku wa tarehe 5 Desemba. Vijana wanavaa manyoya na vinyago vya pembe na kengele kiunoni, wanamfuata Mtakatifu Nikolaus. Mwaka jana Tuma alilia mpaka akalala na viatu. Safari hii anasema Bibi akiwepo atawafukuza na mwiko.

[19:14] Baraka: Bibi awahi basi, hao wakija hapa tunawafanya supu ya kisusio 😂😂

[19:16] Dada Felista: Nimefunga na kuomba tuzungumze jambo moja. Moja tu. Nani analeta Mama kwenye miadi? Lazima aende mwenyewe, alama za vidole hazitumwi kwa simu. Nani ananunua nguo za baridi? Na Kaka Aloyce hajasema neno tangu Alhamisi.

[19:17] Dada Felista: @Kaka Aloyce

[20:30] Dada Felista: @Kaka Aloyce

[21:47] Kaka Aloyce: Nimesoma yote.

[21:49] Kaka Aloyce: Mimi nilichanga 2016. Nilichanga peke yangu. Pikapu iliondoka nikawa natembea kwa miguu kupeleka maziwa, watoto wangu wawili wakarudi shule ya kata. Kulikuwa na maneno kwamba itarudi Deo akianza kazi. Sikusema kitu wakati ule wala baadaye. Safari hii naomba nisitajwe kwa jina mbele ya watu wote.

[21:50] *Ujumbe huu umefutwa*

[21:58] Deo: Kaka shikamoo. Naomba nikupigie sasa hivi.

[22:01] Kaka Aloyce: Usinipigie. Walioahidi waliahidi mbele za watu.

[22:02] Mama Glori: Baba Glori njoo ule chakula kimepoa

[22:03] Mama Glori: Samahani nilidhani niko kwake

[22:20] Deo: Kaka ni kweli. Nilipoanza kazi nilisema mwezi ujao, ikawa kodi, ikawa Tuma, ikawa safari. Sikukusahau lakini pia sikukurudishia. Sina maneno ya kujitetea.

[22:24] Dada Felista: Haya ya pikapu siyo ya leo. Tutayaongea Desemba nyumbani.

[22:25] Kaka Aloyce: Kila mwaka ni Desemba.

*Jumatatu*

[06:52] Juni: Shikamooni wote. Babu ameniambia nimsomee ujumbe wote wa jana. Nimesoma, mengine mara mbili. Ameniambia niandike kama anavyosema nisiongeze.

[07:04] Juni: BABU: Nimesikia. Mwaka 1889 alikuja hapa mtu aliyezaliwa mji huo anaoishi Deo, Purtscheller, akiwa na Mjerumani Meyer, wapande mlima. Mangi Marealle aliwapokea. Mzee Lauwo tunayesema alikuwa nao mlimani nilimwona kwa macho yangu akiwa mkongwe. Hivyo huo mji siyo mgeni kwetu na Mama yenu hatakuwa wa kwanza kupita njia hiyo. Deo amekwenda huko kusoma barafu ya mlima huu. Nilipokuwa kijana nikiamka barafu ile ilikuwa imeshuka, leo ni viraka. Asome, sina neno.

[07:09] Juni: BABU: Mimi nimekuwa mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, miaka 22, nimebeba mizigo ya watu mpaka Kibo. Hakuna mtu aliyewahi kunitwika kabla sijakubali. Tangu Alhamisi mmehesabu pesa, mmehesabu siku, mmehesabu presha. Mama yenu yuko hapa anachambua kahawa. Nani kati yenu amemuuliza kama anataka kwenda?

[07:12] Juni: BABU: La pikapu ni langu. Mimi ndiye niliyesema iuzwe, Aloyce akatii. Anayedai anidai mimi. Lakini kiti cha Aloyce hapa nyumbani hakijahama.

[07:13] Juni: Ndiyo mwisho. Amechukua fimbo ametoka.

[10:40] Pendo Moshi: Baba tumesikia.

[10:44] Dada Felista: Baba umesema kweli. Mama nisamehe. Nilikimbilia miadi. Juni mpe simu Bibi.

[10:58] Juni: Hataki kuongea, anasema mtandao unamkatakata. Anasema niandike.

[11:06] Juni: BIBI: Nataka kwenda. Nilijua tangu Neema alivyonipigia mwezi wa tisa. Ila nina maswali. Kwanza ng'ombe, ana mimba, nani atamkatia majani miezi mitatu? Juni yuko shule. Babu yenu goti. Pili, mzazi atakula nini huko? Ndizi mshare zipo?

[11:30] Neema wa Deo: Mama shikamoo. Nimelia hapa kazini. Mshare hazipo, kuna duka karibu na stesheni wanauza mzuzu tu, na ni ghali.

[11:33] Dada Felista: Nitamfungia nyama ya kukausha na maziwa mgando.

[11:36] Deo: Dada hapana, nyama na maziwa huwezi kuingiza, wanatupa pale pale uwanja wa ndege na wanaweza kumtoza faini. Lakini nimeangalia, NDIZI RUKSA. Mboga na matunda mengi yanadai cheti cha afya ya mimea, ila ndizi, nanasi, nazi na tende havidai.

[11:37] Baraka: Wazungu wametambua mtori!! 🎉🎉

[11:38] Mama Glori: Mama achukue za kijani kabisa, azifunge na magazeti

[11:41] Juni: Bibi anauliza maji ya huko ya kupikia yanatoka wapi

[11:49] Deo: Mlimani Mama. Yanatoka kwenye chemchemi ya huo mlima wa kaskazini, yanafika bombani, tunakunywa bila kuchemsha.

[11:53] Juni: Amesema "kama mfongo, ule mfereji wa kwa baba yangu". Amerudi kwenye kahawa.

[12:15] Dada Felista: Basi tumalize. Mama anakwenda. Tiketi: Baraka yupo, mimi nipo, Pendo?

[12:16] Pendo Moshi: Nipo na laki na nusu. Na sweta nanunua mimi, soko la Memorial zipo nzuri. Viatu Neema atasema.

[12:17] Dada Felista: Bado ng'ombe. Na bado nani anamleta Mama Jumanne.

[13:30] Dada Felista: Ng'ombe ndugu zangu.

[16:45] Dada Felista: Nimetuma mara tatu.

[19:20] Kaka Aloyce: Majani nitakuwa naleta kila Jumamosi na pikipiki ya maziwa. Akizaa nitakuja kulala.

[19:21] Mama Glori: 🙏🏾🙏🏾

[19:22] Deo: Ahsante sana kaka.

[19:24] Dada Felista: Mungu akubariki Kaka Aloyce. Na ile laki tatu?

[19:25] Pendo Moshi: Felista

[19:25] Dada Felista: *Ujumbe huu umefutwa*

[20:02] Juni: Bibi anauliza mzigo ni kilo ngapi. Ametoka na tochi shambani anahesabu mikungu.

[20:10] Deo: Nauliza shirika, inaweza kuwa begi moja la kilo 23 au mawili. Nitajibu kesho.

[20:11] Deo: Kaka, nimekutumia ujumbe pembeni. Ukipata nafasi.

[21:15] Dada Felista: Jumanne. Nani anapanda basi na Mama? Mimi siwezi kutoka kazini, nitampokea stendi tu.

[22:48] Baba Mdogo Samweli: Milele amina. Simu ilikuwa haina bando ndiyo naona sasa hivi. Safari ya nani?