Serikali ina 50.1. Kura yangu ya hisa 700 ni ya nini?

Mrithi700
Ilani ya mkutano mkuu wa Kenya Power, kampuni ya umeme, imenifikia tena. Hisa 700 hizi ni za marehemu baba, nilizirithi pamoja na madeni yake. Ajenda ni ile ile: tupokee hesabu, tuidhinishe mgao wa faida, tuchague wakurugenzi. Mkaguzi ndiye hata hatuulizwi, tunaambiwa tu "tutambue" kwamba ni Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Na serikali yenyewe ina asilimia 50.1 ya hisa. Sasa niambieni bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: nikibonyeza ndiyo au hapana, kuna kinachobadilika?

Jembe la Zamani
Hakuna. Mimi niliacha 2020 walipohamishia mikutano kwenye simu. Zamani hata ukishindwa kwa kura ulirudi nyumbani na mwavuli wa zawadi kutoka kwa kampuni.

Dada Hesabu
Kipo, ila wengi hamkitazami. Azimio la kawaida linapita kwa zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, kwa hivyo hapo sawa, serikali ikiamka tu imeshinda. Azimio maalum, kwa mfano la kubadilisha katiba ya kampuni, linadai angalau asilimia 75. Na ni 75 ya kura ZILIZOPIGWA, si ya hisa zote.

Chukulia kampuni nzima ina hisa 1,000. Serikali 501, sisi wengine 499. Serikali inataka jambo, wadogo wote wanaopiga wanakataa. Zikipigwa kura 150 za wadogo, serikali inapata 501 kati ya 651, karibu 77, limepita. Zikipigwa 200, inapata 501 kati ya 701, ni 71 na ushee, limekwama. Hisa hamsini tu! Anayelala anamwongezea mkubwa nguvu.

Ila sishangai. Kuna watu walikuwa wakija mkutanoni kwa sababu ya kisanduku cha chakula, na hao hawakuwahi kupiga chochote isipokuwa foleni.

Jembe la Zamani
Dada, hilo jiwe umelirusha gizani lakini limenipata mimi. Nilikuwa napanda basi la usiku, saa kumi na mbili asubuhi niko Kasarani na vyeti vyangu kwenye bahasha ya kaki. Mtu hasafiri usiku kucha kwa vipande viwili vya mkate, yai na soda moto.

Kifaranga wa Soko
Soda MOTO 😂😂 Kumbe wazee mlivumilia mengi.

Jembe la Zamani
Ilikaa juani tangu alfajiri, kijana. Na usicheke, hata hivyo ilinyweka.

Dada Hesabu
Mzee wangu, sikukutaja. Nimezungumza kwa jumla. Lakini naona maelezo ya sanduku unayo yote, mpaka joto la soda. Azimio hata moja la mwaka huo unalikumbuka?

Jembe la Zamani
Na wewe unakumbuka adabu?

Mama Ndimu
Jamani. Mnamcheka mtu kwa yai? Mgao wa mwaka ulioishia Juni 2024 ulikuwa senti 70 kwa hisa, na ulikuja baada ya ukame wa miaka. Huyu mwenye hisa 700 ni shilingi 490, toa kodi ya asilimia 5, anabaki na 465 na senti 50. Ile miaka ambayo mgao ulikuwa sufuri na mikutano ilikuwa bado ya ana kwa ana, yai ndilo lilikuwa mgao.

Kifaranga wa Soko
Lakini si serikali ina 70? Nilisoma mahali 70.

Mama Ndimu
Hiyo ni KenGen, ile inayozalisha umeme, mwanangu. Hisa zake ziliuzwa 2006 kwa shilingi 11.90 kila moja, watu wakakopa mpaka kwa mashemeji. Wewe ulikuwa chekechea.

Kifaranga wa Soko
Basi huko ndiko kubaya zaidi.

Dada Hesabu
Hata huko 70 haifiki 75. Ndiyo maana nasema mzisome hizi ilani.

Wakili wa Baraza
Mzee Jembe ana hoja ambayo hajui kuwa anayo. Ukumbini kura ilianza kwa kuinua mikono, na kwa mikono kila mwanahisa ana kura moja, awe na hisa kumi au milioni kumi. Mkono wa mzee ulikuwa sawa kabisa na wa afisa aliyetumwa na Wizara ya Fedha, mpaka mtu aitishe kura ya kuhesabu hisa. Kwenye simu, mikono haipo. Kinachohesabiwa ni hisa, tangu mwanzo. Kwa hiyo kuhamia mtandaoni hakukuondoa chakula peke yake.

Jembe la Zamani
Asante wakili kwa kuthibitisha kwamba nilipiga kura. Dada Hesabu usome hapo juu.

Dada Hesabu
Hajasema hivyo! Amesema ULIKUWA na mkono.

Wakili wa Baraza
Nisiwe kuni kwenye huu moto. Niongeze tu kwamba hata wenye hisa nyingi hushindwa. Mwaka 2012 meya wa Osaka, Toru Hashimoto, alikwenda mwenyewe kwenye mkutano wa kampuni ya umeme ya Kansai Electric. Mji wake ndio ulikuwa mwanahisa mkubwa kuliko wote, takriban asilimia 9. Alitaka waachane na nyuklia. Wakamsikiliza, wakapiga kura, akaangushwa.

Jembe la Zamani
Alipewa mwavuli?

Kifaranga wa Soko
😂😂😂 nimezima simu

Mrithi700
Naomba turudi. Mwaka jana nilijaribu kupiga kura kwenye kampuni nyingine, sitaitaja. Napiga ile namba ya nyota na reli, naweka kitambulisho, inakuja: azimio la 1, bonyeza 1 kukubali, 2 kukataa, 3 kujizuia. Sawa. La pili, jina la mkurugenzi limekatwa katikati, sijui ni mwanamume au mwanamke. Nikivaa miwani nisome vizuri, laini inakatika. Naanza upya. Inakatika tena kwenye la nne. Mara ya tatu nikabonyeza 1, 1, 1, 1, 1 bila kusoma ili yaishe. Hiyo nayo tunaiita kura?

Mama Ndimu
Mama mkwe wangu ana miaka 78 na hizo nyota za simu haziwezi. Aliambiwa ajaze fomu ya kuteua mwakilishi. Akatia sahihi, mengine yote akayaacha wazi, akairudisha. Alifurahi sana kwamba ameshiriki.

Wakili wa Baraza
Alimpa kura yake mwenyekiti, mama. Kwa kawaida fomu isiyo na jina la mwakilishi humwendea mwenyekiti wa mkutano, na pasipo maagizo anapiga anavyoona yeye.

Mama Ndimu
Kumbe! Na alivyo na chuki na huyo mwenyekiti.

Dada Hesabu
Haya ndiyo ya kujadili, fomu tupu na laini zinazokatika. Badala yake tumekesha kwenye miavuli.

Jembe la Zamani
Nani alianza na foleni? Na kwa taarifa yako mwavuli ninao mpaka leo. Mbavu mbili zimevunjika, nembo imefutika, lakini bado unakinga mvua kuliko mgao wako.

Dada Hesabu
Wenye mpini wa mbao au wa plastiki? Ule wa plastiki ulikuwa unachomoka mwaka wa kwanza.

Jembe la Zamani
Na wewe umejuaje unachomoka?

Kifaranga wa Soko
🍿

Mama Ndimu
Dada, jibu swali la mzee.

Mrithi700
Jamani, dirisha la kura linafungwa kesho saa tano asubuhi. Azimio la 3, niweke 1 au 2?

Jembe la Zamani
Subiri kwanza kijana. Ajibu.