Osaka siku 7: tulale Namba, Umeda au tugawe na Kyoto?

mzizima_safari
Wakuu, habari za jioni. Mimi, mama watoto na binti yetu wa miaka 10 tunakwenda Osaka, Japani, katikati ya Novemba, siku 7, usiku 6. Tiketi tumeshakata, tunatua uwanja wa ndege wa Kansai na kuondokea hapohapo. Nimekwama kwenye malazi: mtaa wa Namba moja kwa moja, mtaa wa Umeda moja kwa moja, au usiku 4 Osaka na 2 Kyoto? Binti anataka kulungu wa mji wa Nara, mama yake anataka mahekalu, mimi nataka kula. Nguruwe hatuli. Mliofika huko nisaidieni.

mla_pweza_tanga
Namba, mkuu. Treni ya Nankai inatoka uwanja wa ndege hadi Namba bila kubadilisha, ile ya kawaida kama dakika 45. Ya Kintetsu inayokwenda Nara nayo inapita hapohapo, dakika 40 hivi binti yuko na kulungu wake. Jioni mkirudi hoi, Dotonbori, mtaa wa vyakula, mnakwenda kwa miguu. Ubaya ni kelele, na vyumba vidogo: ukifungua begi moja, la pili linapanda kitandani.

Takoyaki msiikose. Ukiona chuma chake utacheka, ni kile cha vitumbua kabisa! Jamaa anamimina uji wa unga, anadondosha kipande cha pweza kila shimo, kisha anageuza kwa kijiti kama mama wa vitumbua kule kwetu. Tofauti ni kwamba ndani hubaki laini, karibu uji. Mimi nilitia kimoja kizima mdomoni palepale, siku mbili ulimi haukujua chumvi wala sukari. Mtobolee binti kwanza, moshi utoke.

mwanafunzi_kansai
Namba ni kwa wala raha 😄 Kwa mama wa mahekalu, Umeda. Treni ya JR (reli za Japani) kutoka stesheni ya Osaka iliyopo hapo hadi Kyoto ni nusu saa. Ya kampuni ya Hankyu ni polepole kidogo lakini nauli ni nafuu zaidi, na inakushusha Kawaramachi, jirani na Gion, mtaa wa kale wa Kyoto. Kobe nayo ni karibu, na kule kuna msikiti wa kwanza wa Japani, wa 1935, mitaa ya karibu nao utapata chakula cha halali bila kuuliza maswali mengi.

Ila niseme ukweli, njia za chini ya ardhi za Umeda ni kizaazaa. Mwaka wa tatu huu naishi huku, na bado natokea mlango nisioukusudia.

bintimvita
Nyote mwafikiria treni, hamfikirii saa. Novemba ndipo majani ya Kyoto yanapogeuka mekundu, na watu ni kama siku ya Maulidi Lamu. Ukitoka Osaka saa tatu asubuhi, wafika na umati wote. Ukilala Kyoto, saa kumi na mbili uko hekalu la Kiyomizu-dera wakifungua. Hekalu la Fushimi Inari halifungwi wala halina kiingilio, panda alfajiri yale malango mekundu uyapate peke yako.

mla_pweza_tanga
Dada, bei za vyumba Kyoto mwezi huo umeziona? Halafu kuburuta mabegi na mtoto, kisha kuyarudisha Osaka...

bintimvita
Nani kasema arudi Osaka, kaka? Aanze Namba usiku 4, amalizie Kyoto 2. Treni ya Haruka yatoka Kyoto hadi uwanja wa ndege bila kubadilisha, saa moja na robo au zaidi kidogo.

mwanafunzi_kansai
Hapo umenishinda, hilo naliunga mkono. Mzizima, pasi ya JR ya siku 7 usinunue. Oktoba 2023 ilipanda hadi yeni 50,000, na kwa safari hizi fupi haikulipi. Chukua kadi ya ICOCA, weka pesa, gusa upite.

Kuhusu nguruwe: okonomiyaki, ile chapati nene ya kabichi, mara nyingi huwekewa vipande vyake juu. Sema "buta nashi", yaani bila nguruwe. Kushikatsu za mtaa wa Shinsekai ni mishikaki ya kukaanga, lakini mafuta ni ya sufuria moja kwa nyama zote, kwa hiyo kama mnachunga ziacheni. Kitsune udon ni tambi nene na supu ya samaki na mwani, ila supu inaweza kuwa na mirin, pombe tamu ya kupikia. Ulizeni. Soko la Kuromon pigeni picha, kula nendeni Tenjinbashi-suji, barabara ya maduka yenye urefu wa kilomita 2.6, ndiko wenyeji wanakonunua.

mla_pweza_tanga
Na siku ya mvua, Kaiyukan, jumba la kutazamia samaki hai. Kuna papa potwe, yuleyule wa Mafia, ila huyu yuko nyuma ya kioo.

mzizima_safari
Asanteni sana. Nimemsomea mama watoto, amesikia habari ya alfajiri Fushimi Inari akasema chumba cha Kyoto atalipa yeye. Namba usiku 4, Kyoto usiku 2, imepita. Binti anauliza kama papa potwe wa huko anapewa kamba.

mla_pweza_tanga
Mwambie anapewa, wadogo wadogo. Na nyie mtoboe kwanza, moshi utoke.