Naambiwa nifungwe kizazi nkienda kupasuliwa, nisaidieni mawazo

MamaWatano_Wete
Asalaam alaykum jamani. Mie nna miaka 36, watoto watano, watatu wa mwisho wote nimepasuliwa na huyu nlonae tumboni ana miezi saba. Daktari kanambia kovu limekuwa jembamba, nkibeba nyengine baada ya hii kizazi kinaweza kuchanika, bora wakinipasua wamalizie na kunifunga kabisa. Mume wangu hasemi ndio hasemi sio, mama mkwe ndo kashasema mwanamke akifungwa anakauka, hamu inaondoka na hedhi haiji tena. Naogopa kufa nkawaacha wanangu wadogo na naogopa kufanya jambo lisilorudi nyuma. Alofanya anambie kweli.

Karafuu77
Wa alaykum salaam shoga. Mie mwaka wa nne huu nshafungwa, hedhi naiona kama kawaida na ya chumbani hayajabadilika hata chembe. Ila mie karatasi ya kutia saini nlipewa uchungu ushanishika, sijui hata nasoma nini nkatia tu. Kufungwa sijuti, lakini kule kuharakishwa kunaniuma mpaka leo. Wewe imekubakia miezi miwili ujifungue, nenda kaulize sasa ukiwa na utulivu wako, na ukikubali leo ukageuka kesho ni haki yako.

Nesi_Unguja
Dada, kinachofungwa ni mirija inopitisha yai, ovari zinazotoa homoni haziguswi ndo mana hedhi na hamu hubaki. Hatari ni zile za opareshini yoyote, kutoka damu, vijidudu, dawa ya usingizi, na wewe unapasuliwa hata hivyo kwa hivyo kinachoongezeka ni kidogo. Lakini si asilimia mia, katika wanawake 1,000 kama 5 hushika mimba mwaka wa kwanza, na ukiona siku zimepita wahi spitali maana inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi. Kuifungua tena ni opareshini kubwa na si hakika itafanikiwa, wanojuta zaidi ni walofungwa kabla ya miaka 30. Kama roho inasita kuna kitanzi cha shaba, kijidude kinotiwa ndani ya kizazi kuzuia mimba, kinakaa miaka 10 na ukitaka kinatolewa, pengine wanakitia hapo hapo wakishamtoa mtoto.

Mkoani_Mvuvi
Na mume je? Mke wangu kapasuliwa mara nne nkaona basi, zamu yangu, nkenda Dar nkafungwa mie, mirija inopitisha mbegu. Ganzi tu, nusu saa, jioni nshatoka. Wanakwambia usiamini mpaka miezi mitatu ipite na manii yapimwe. Nguvu zangu ni zile zile wallahi.

Ustadh_Chake
Ndugu yangu wa Mkoani, mwanamme mzima asie na darura, yaani jambo la lazima lisilo na njia nyengine, wanazuoni wengi hawalikubali hilo. Majmaa ya Fiqhi, baraza la wanazuoni wa Kiislamu wa nchi mbali mbali, ilipokaa Kuwait 1988 ilisema kukata uzazi moja kwa moja ni haramu ila kwa darura, na kuzuia mimba kwa muda tu kwa kuridhiana mke na mume hauna ubaya. Lako dada, kama daktari muaminifu kasema roho yako imo hatarini, hiyo ndo darura yenyewe. Nendeni wote wawili kwa Mufti na karatasi ya daktari mkononi.

MamaWatano_Wete
Allah awalipe. Nimemsomea mume wangu yote, la Mvuvi kalisikiliza kimya kisha kasema Jumatatu twende kliniki pamoja. Nesi, hicho kitanzi hakitoumiza kovu?

Nesi_Unguja
Kwa kawaida hakiumizi, lakini lako jembamba, waambie wakuangalie kwanza kabla hamjaamua.