Nairobi Half Life: tunawacheka wezi au tunawatukuza?

Wakuu, hii hoja huzuka kila filamu hii inapotazamwa upya, kwa hiyo tuijadili sawasawa. Kwa ambao hawajaiona: ni ya mwaka 2012, mwongozaji Tosh Gitonga, na ndiyo filamu ya kwanza Kenya kuituma kuwania Oscar kwenye kundi la lugha za kigeni. Mwas, kijana wa mashambani mwenye ndoto ya kuigiza, anafika Nairobi, anaporwa, anatupwa korokoroni, na akitoka anajiunga na genge la Oti linaloiba vipuri vya magari. Usiku yuko kazini na kina Oti, mchana yuko kwenye mazoezi ya tamthilia.

Wanaoipinga wanasema mwizi amepewa mdomo mtamu na vichekesho, ilhali mwenye gari ni mtu wa kupita tu, hatujui hata jina lake. Kijana wa mtaani atatoka pale akitamani kuwa Oti. Na mtu aliyewahi kuwekewa bastola kichwani usiku, wanauliza, acheke nini? Hilo la mwisho linauma, na sina jibu jepesi.

Ila kuhusu kutukuza, nawapinga. Tazama wanachoiba mwanzoni: taa na vioo vya pembeni. Hii biashara mkazi wa Nairobi haambiwi na filamu. Pita popote yalipoegeshwa magari uangalie vioo: vimechongwa namba ya usajili, vingine vimepigwa ribiti mpaka gari linatia huruma. Na kioo kikiondoka, wangapi huenda polisi? Watu huenda kwa fundi. Fundi anapiga simu, jioni kioo kimeletwa, bei ya kirafiki, na hakuna anayeuliza kimetoka gari gani. Ukumbi mzima unapocheka kina Mwas wakikwanyua taa gizani, wanaocheka ni wateja. Hapo ndipo nadhani filamu inatuchoma bila sisi kujua, na ndiyo maana wengine wanakasirika kuliko wanavyopaswa. Ni rahisi kulaumu skrini.

Halafu angalia kicheko kinavyokwisha. Genge linapoacha vioo na kuanza kuteka magari yenyewe kwa bunduki, utani unakauka. Makarao, yaani polisi, waliokuwa wakila nao ndio wanaowageuka, wanawapeleka kwenye jengo la pembeni kuwamaliza bila kesi wala hakimu. Oti anakufia humo. Anayesema huo ni utukufu aniambie ameuona wapi. Wala mwongozaji hakuokota hilo hewani: mwaka 2009 Philip Alston, mwakilishi maalumu wa Umoja wa Mataifa, alikuja Kenya na kusema waziwazi kwamba polisi wanaua watu nje ya sheria. Miaka mitatu baadaye mtazamaji wa Nairobi hakuhitaji kuelezwa nini kinaendelea kwenye lile jengo.

Kosa la filamu mimi naliona kwingine. Amina, mwanamke pekee mwenye uzito kwenye kundi hilo, ni kahaba na mpenzi wa Oti, basi. Wanaume wamepewa ndoto, hasira na ucheshi. Yeye amepewa kazi ya kutamaniwa. Waliokasirishwa na wezi wangekasirikia hili ningewaelewa zaidi.

Kuna pia kile kipande cha choo cha korokoroni, Mwas analazimishwa kukisafisha. Wapo wanaosema ni uchafu uliotiwa ili watu wacheke. Kwangu ndicho kipande cha kweli kuliko vyote. Aliyelala seli hata usiku mmoja anajua kile choo, na anajua kwamba mule ndani usipotafuta la kuchekea utalia mpaka asubuhi.

Sasa nawaachia. Mliowahi kutekwa au kuporwa, mliimaliza filamu hii au mliizima njiani? Na nyinyi mnaosema inaharibu vijana, mngetaka Oti aonyeshwe vipi: asiyechekesha kabisa? Mimi wezi niliokua nao mtaani walichekesha, tena sana, na mama zetu waliwajua kwa majina.